Idi anataka kuacha kazi

Idi: Shikamooni. Naandika ili msisikie kwa majirani: mwisho wa mwezi ninaacha kazi ya runinga, nianze kupiga picha na kutengeneza filamu kwa kujitegemea.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Yaani mshahara wa kila mwezi unauacha, ukahangaike na wateja wa arusi?

Mjomba Rajabu: Dada, kabla hatujamkemea, tumkumbuke mpigapicha Mohamed Amin, aliyezaliwa hapo Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943 na kukulia Tanganyika. Kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1963, kijana wa miaka ishirini tu, kisha akaihamishia Nairobi. Tukio moja alilipiga picha za mnato na za filamu, akawauzia wengi.

Salma: Siye aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia?

Mjomba Rajabu: Ndiye. Oktoba 1984 alifika Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC, na taarifa yao ikarushwa tarehe 23. Itazame, Idi, uone jinsi kamera inavyopita polepole juu ya watu waliojifunika mashuka alfajiri, bila papara, kana kwamba mpigapicha anaona haya kumruka hata mmoja. Live Aid, tamasha la muziki la Julai 1985 la kuwachangia wenye njaa, lilitokana na picha hizo.

Shangazi Zuhura: Mimi nakumbuka habari ya mkono.

Mjomba Rajabu: Ghala la silaha lililipuka Addis Ababa mwaka 1991, akapoteza mkono wa kushoto, na fundi wake wa sauti akafariki. Alirudi kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996, akirejea Nairobi, ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Shangazi Zuhura: Rajabu, huo ndio mfano wa kumtuliza mama yake?

Mjomba Rajabu: Niwieni radhi. Nilichokusudia ni hesabu zake: hakungoja vita vimlishe, bali alichapisha pia vitabu vya picha kuhusu Kenya, Pakistani na safari ya Hija, hata jarida la kusomwa ndani ya ndege. Idi, wewe una nini zaidi ya arusi?

Idi: Nina akiba ya miezi minne, na kamera ni yangu.

Mama Idi: Umemaliza kuilipia?

Idi: Zimebaki awamu mbili, Mama.

Mama Idi: Basi barua ya kuacha kazi nayo ingoje awamu mbili.