WhatsApp, Telegram au Signal: kikoba chetu kikae wapi?

MamaJ_Mbagala:
Habari za jioni wakuu, naomba ushauri. Mimi ni katibu wa kikoba huku Mbagala, kwenye grupu la WhatsApp watu wanatuma picha za vitambulisho vya NIDA, meseji za M-Pesa, mpaka orodha ya nani anadaiwa, na kuna mwanachama tumemtoa juzi bado anavyo vyote kwenye simu yake, roho haitulii kabisa. Wenzangu wanataka tuhamie Telegram eti ndo ya siri, kijana wangu anasema Signal.

fundi_kkoo:
Dada Telegram hapana. Chati za kawaida na magrupu yote ya kule hayajafungwa mwanzo mpaka mwisho, yaani wasome mtumaji na mpokeaji tu, yanakaa kwenye seva zao na funguo wanazo wao, ile chati ya siri ni ya watu wawili tu tena uiwashe mwenyewe. Uzuri wake unaweza kuficha namba basi. WhatsApp imefunga meseji za wote tangu 2016, magrupu yakiwemo, na mfumo ni ule ule wa Signal.

binti_upanga:
Fundi umeruka bakapu, ile nakala ya akiba ya chati. Meseji zikipanda Google Drive hazina ulinzi ule mpaka uwashe bakapu iliyofungwa, ipo tangu 2021 ila wengi hawajaigusa. Halafu hata kama Meta, wenye WhatsApp, hawasomi meseji, wanajua unaongea na nani na saa ngapi. Mi nasema Signal, mwaka 2016 mahakama Marekani iliwadai taarifa za mtu wakawa na vitu viwili tu vya kutoa, siku aliyojiunga na siku ya mwisho kuingia, na tangu 2024 unaweza kutumia jina badala ya kuwapa watu namba.

MamaJ_Mbagala:
Asante mdogo wangu, shida kina mama wengi bando lao ni la WhatsApp na simu zimejaa, nikiwahamisha nusu watapotea na michango italala.

mtu_wa_temeke:
Bakini WhatsApp, ila hizo NIDA zitoke humo. Hakuna aplikesheni itakayofuta picha kwenye simu ya mtu mliyemtoa, na futa kwa wote inakubali siku mbili hivi tu. Katibu kagua kitambulisho mkono kwa mkono, andika namba kwenye daftari, picha ya nini? Kila mtu apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake, akikuta asiyoijua aende kwa mtandao husika ifutwe. Na kumbuka sheria ya taarifa binafsi ya 2022 imeanza kazi Mei 2023, Tume ya kuisimamia ipo, huyo mliyemtoa akisambaza picha za watu mna pa kulalamika.

fundi_kkoo:
Hapo umemaliza kaka. Dada ongeza PIN ya hatua mbili, maana matapeli wakipata ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji wanaingia kwa jina lako wanaanza kuomba hela kwa wanachama, na washa meseji za kujifuta, siku 7 zinatosha.

MamaJ_Mbagala:
Sawa, Jumapili nawaambia. Hiyo bakapu ya kufungwa inawashwa wapi?

binti_upanga:
Mipangilio, Chati, kisha Bakapu, utaona sehemu ya kuifunga, weka neno la siri. Liandike mahali dada, ukilisahau hata WhatsApp wenyewe hawakufungulii.