Mafuta ya nazi, haidrojeni na injini zisizo za kawaida: umbo gani linafaa?

Mkulima wa Pangani

Ndugu zangu, nina mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, na kwa kuwa nazi kwetu si haba, mwaka jana nilianza kuitilia mafuta ya nazi badala ya dizeli. Miezi miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Baadaye ikawa ngumu kuwaka asubuhi, hasa siku za kipupwe mafuta yalipoganda ndani ya mpira, na fundi alipoifungua alikuta ncha ya nozo inayorushia mafuta ndani imeshika ukoko mweusi kama wa chungu, na ringi zimenasa kwenye mifereji ya pistoni. Nimesoma kwamba ipo injini ya Wankel, isiyo na pistoni, ambayo Wajapani wameiendesha kwa haidrojeni. Je, injini inayokubali haidrojeni haitakubali mafuta yangu? Na kama si hiyo, ni umbo gani lililobuniwa kwa mafuta mazito?

Mwalimu wa Mitambo

Pole kwa ringi, ndugu yangu. Haitayakubali, na sababu yake ni mahali joto linapokaa ndani ya injini.

Haidrojeni huwaka ikiwa hewani kwa kiasi cha 4% hadi 75%, na cheche inayoitosha ni takriban sehemu moja ya kumi ya ile inayohitajiwa na petroli. Katika injini ya pistoni ikigusa valvu ya moshi iliyowiva huweza kulipuka kabla ya wakati wake, pengine hata kurudi hadi kwenye njia ya hewa. Wankel haina valvu hiyo. Rota yake, kipande cha pembe tatu kinachozunguka mahali pa pistoni, huvuta hewa upande mmoja wa nyumba yake na kuunguza upande mwingine, kwa hiyo upande wa kuvutia hubaki umepoa. Mafuta ya nazi yanataka kinyume chake. Hata yakiwa na nyuzi 40 ni mazito kuliko dizeli karibu mara kumi, nozo huyatoa kwa matone makubwa, na tone likifika kwenye ukuta uliopoa kabla halijaungua hugeuka gundi. Chumba cha Wankel ni kirefu na chembamba, chenye kuta nyingi kuliko nafasi. Gundi ingekosa wapi pa kukaa?

Unachokitafuta kiliwahi kuwapo. Mwaka 1890 Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alipata hataza ya injini yenye tungi la chuma lililoungwa na silinda, na trekta za Lanz Bulldog za Ujerumani zilitumia mtindo huo kuanzia mwaka 1921. Kabla ya kuiwasha, dereva alilipasha tungi moto kwa taa ya pampu, kisha mafuta yaliyorushwa humo yakageuka mvuke kwa kugusa chuma tu, bila kuhitaji nozo ya kuyachambua sana. Ilikunywa karibu kila kinachoungua, ila ilikunywa mengi kwa kazi ndogo.

Mpenda Rota

Naipenda Wankel, lakini isisifiwe kupita kiasi hata kwa haidrojeni. Mazda RX-8, gari la Wankel lililokodishwa Japani mwaka 2006, lilitoa nguvu farasi 210 kwa petroli na 109 tu kwa haidrojeni, kwa sababu gesi hiyo nyepesi hujaza nafasi ambayo ingekaliwa na hewa, na tangi lake lilitosha takriban kilomita 100. Tena vizibo vya ncha za rota hulainishwa kwa oili inayoungua humo humo, kwa hiyo moshi wake hauwi mvuke wa maji mtupu.

Fundi Nozo

Usihangaike kutafuta Bulldog. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na baadaye Mjerumani Ludwig Elsbett aliunda injini ya kunywa mafuta ya mimea, ambayo kichwa cha pistoni yake kilikuwa cha chuma, na yenyewe ilipozwa kwa oili badala ya maji ili moto usipotee ovyo. Kwako wewe, muulize fundi kama injini ina chumba cha awali ambamo nozo hurushia mafuta. Yenye chumba hicho huvumilia zaidi kuliko inayorushia juu ya pistoni moja kwa moja. Weka matangi mawili, washa na uzime kwa dizeli, na mafuta ya nazi yasiingie kwenye pampu mpaka yamefika nyuzi 70 au zaidi.

Mkulima wa Pangani

Nashukuru sana. Chumba cha awali kipo, fundi amenionyesha leo. Nina bomba la shaba la friji iliyokufa. Nafikiri kulizungusha kwenye ekzosi ili mafuta yapate moto yakipita.

Fundi Nozo

La shaba hapana. Shaba huyaharakisha mafuta ya mimea kuoza na kushikana, hasa yakiwa moto, na utarudi kule kule kwenye ukoko. Tafuta bomba la chuma, na ulizungushie kwenye maji ya kupozea injini, kwa maana ekzosi itayachemsha kupita kiasi.