Naomba ushauri: saa chache katika bustani ya sanamu ya Vigeland, Oslo

Mchongaji wa Kihesa:
Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mchongaji wa vinyago hapa Iringa. Mwezi Desemba nitasafiri na baba mkwe wangu kwenda Norwei kwa mwaliko wa kanisa, na siku ya mwisho tutakuwa Oslo tangu asubuhi tukisubiri ndege ya usiku. Natamani sana kuzitumia saa hizo katika bustani yenye sanamu za Gustav Vigeland, lakini nimeona kwenye picha kwamba karibu zote ni za watu walio uchi. Mzee ni mtu wa heshima zake, na kwa malezi yetu si rahisi mtu kusimama na mkwewe mbele ya jambo kama hilo. Je, niache kwenda? Na kama nitakwenda, nianzie wapi?

Mama Tukuyu:
Kaka, usiache. Niliwahi kusoma Oslo, na pale utakuta familia nzima, bibi na wajukuu, wakitembea bila haya, kwa kuwa sanamu zile zinaonyesha maisha ya mwanadamu tangu uchanga hadi uzee: mama amebeba watoto, wazee wameegemeana, ndugu wanagombana. Hata hivyo heshima ya mkwe si jambo la kupuuzwa. Mwombe mkeo amweleze baba yake mapema, ili mzee aamue mwenyewe akiwa nyumbani, asije akashtukizwa langoni. Akikubali, mwenyeji wenu atangulie naye, nawe ufuate nyuma kwa nafasi yako. Bustani ni pana, na hakuna kiingilio.

Mwalimu wa Mafinga:
Naunga mkono ushauri wa Mama Tukuyu, na kwa kuwa wewe ni fundi, nakushauri upite darajani bila kukawia sana. Pale pana sanamu 58 za shaba, akiwemo yule mtoto mwenye hasira anayekanyaga chini kwa mguu mmoja, ambaye mkono wake umeng'aa kwa kushikwashikwa na wageni. Saa zako nyingi zitunze kwa ajili ya mnara wa jiwe ulio juu ya ngazi. Ni jiwe moja la itale, urefu wake unazidi mita 14, nalo limechongwa watu 121 waliokumbatiana na kupandiana kuelekea juu. Wewe uliyezoea vinyago vya Ujamaa vya Wamakonde, ambavyo gogo moja la mpingo hubeba ukoo mzima, utaliangalia kwa jicho ambalo watalii wengi hawana. Vigeland alifinyanga kielelezo kwa udongo, kisha mafundi watatu wakaanza kuchonga mwaka 1929, na kazi ikamalizika mwaka 1943, mwaka uleule aliofariki. Zunguka polepole, uangalie jinsi miili ya chini inavyobeba uzito na jinsi walivyoacha nafasi ndogo kati ya mkono na mgongo bila kulidhoofisha jiwe.

Mchongaji wa Kihesa:
Nawashukuru sana. Nitamwomba mke wangu azungumze na mzee wiki hii. Je, iko sehemu ninayoweza kuona vielelezo vyenyewe?

Mwalimu wa Mafinga:
Ipo. Jirani na bustani kuna makumbusho, katika jengo ambalo jiji lilimjengea msanii huyo liwe karakana na makazi yake, baada ya mkataba wa mwaka 1921 ambao yeye aliupatia mji kazi zake. Humo ndimo vilimohifadhiwa vielelezo vya plasta. Hakikisha kwanza siku na saa za kufunguliwa, maana makumbusho yana kiingilio na ratiba yake.

Mama Tukuyu:
Nyongeza moja kuhusu Desemba: jua huzama huko kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, kwa hiyo nendeni asubuhi, mara kutakapopambazuka vizuri. Ngazi za kwenda kwenye mnara huweza kuwa na barafu; mzee avae viatu vyenye soli inayoshika, na mtu amshike mkono. Tramu namba 12 itawashusha mbele ya lango kuu.