Mama wa samaki kajaza njia ya waenda kwa miguu mbele ya fremu yangu, watoto wanapita barabarani. Nianzie wapi?

Binti Nyakato:

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, hasa wenyeji wa Mwanza na wenye fremu za barabarani.

Nina duka la steshenari maeneo ya Nyakato, barabara ya ndani, siyo ile ya Nyerere. Natoa kopi, naprinti, nauza madaftari na kalamu. Wateja wangu wengi ni wanafunzi na wazazi wao, maana shule iko mbele kidogo. Barabara yetu ilipotiwa lami tukapata na njia ya waenda kwa miguu, imepita juu ya mtaro uliofunikwa kwa mifuniko ya zege. Upana wake kama mita mbili hivi. Mtaa mzima tulifurahi, kwa sababu zamani mvua ikinyesha ulikuwa unachagua mwenyewe, ukanyage tope au upigiwe honi.

Sasa mbele ya fremu yangu kuna mama anakaanga samaki. Nilimkuta hapo. Ikifika saa tisa alasiri anapanga vitu vyake: meza, kabati la kioo, jiko la mkaa na karai la mafuta, ndoo za maji, benchi la wateja. Bodaboda nao wamefanya kijiwe pembeni yake kwa sababu ndiko wanakokula. Njia imekwisha. Shule ikitoka, watoto wakifika kwangu wanashuka barabarani, wanazizunguka pikipiki, ndipo wanapanda tena. Majuzi bajaji ilimkosakosa mmoja mdogo kabisa, begi ndilo lililogongwa. Mimi nililia utadhani ni wa kwangu.

Tena kuna moshi. Kaka mmoja alinirudishia barua yake ya kuomba kazi, akasema, "Dada, hii nikiipeleka ofisini wataniuliza sato yuko wapi."

Mwenye nyumba nilipomdokezea alinijibu kwamba mbele ya fremu ni pangu, nikitaka nimwondoe, nisipotaka tukubaliane. Mtendaji wa mtaa akasema niandike tu barua, ataleta mgambo wazoe kila kitu. Hapo nikagwaya. Huyu mama ana wanawe anawasomesha kwa hao hao samaki. Nikichelewa kufunga usiku yeye ndiye jicho langu, kila mtu mtaani anajua.

Je, ni kweli mbele ya fremu ni pangu? Na nifanyeje watoto wapite bila mama wa watu kumwagiwa mafuta yake?

Sato Kavu:

Nimekaa paleee nasubiri wataalamu. Ila dada tuelekeze vizuri hapo kwa huyo mama, njaa inauma.

Tii Sheria:

Dada andika barua, acha huruma za kijinga. Mwanza imekuwa gulio lote. Serikali inajenga njia kwa kodi zetu, mtu anakuja na karai anaifanya jiko la kwao. Siku mtoto akigongwa huyo mama atakusaidia kubeba jeneza?

Fundi Rula:

Nimefanya kazi za barabara miaka mingi, nikujibu hilo la kwanza maana ndilo watu wanalolikosea.

Mbele ya fremu si pako, na si pa mwenye nyumba wako. Kodi yako inaishia ukutani na kwenye ngazi zako kama zimo ndani ya kiwanja. Hiyo njia na mtaro ulio chini yake ni sehemu ya hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, na Sheria ya Barabara ya 2007 inakataza mtu kuweka au kujenga kitu humo bila kibali cha mamlaka ya barabara. Barabara za ndani kama yako kwa kawaida ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoundwa 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Usichanganye na zile mita 30 kila upande ambazo watu wanazitaja vijiweni, hizo ni za barabara kuu na za mkoa, si za mtaani kwenu.

La pili, ambalo nadhani hata mama hajalifikiria. Hiyo mifuniko haikuwekwa tu ili watu wakanyage. Inafunuliwa mtaro usafishwe. Jiko likikaa juu yake haifunuliwi. Na maji ya kuoshea samaki, magamba na mafuta yaliyokwisha kutumika yanamwagwa wapi? Humo humo kwenye tundu la mfuniko. Mafuta yakipoa yanagandana na taka. Vuli ikianza, maji yanakosa pa kupita, yanaingia kwako kwenye karatasi.

Miamba Tupu:

Nyie wa Nyakato mnagombania mita mbili za zege, mshukuruni Mungu. Njooni huku Bugarika juu, waenda kwa miguu tunapita katikati ya majabali na vichochoro, mama mjamzito anashuka kwa kushikilia ukuta wa jirani. Tulipotandikiwa barabara za mawe mlimani ndipo tulipoanza kuonekana watu, na hapo bado tunagawana na pikipiki. Hata hivyo nakuunga mkono dada, njia ikishapatikana isichezewe.

Kijana wa Zamani Makoroboi:

Mimi nimeuza viatu chini pale Makoroboi, kwa hiyo ngoja niseme upande wa pili.

Wewe Tii Sheria unataka barua iandikwe mgambo wazoe kwa sababu hujawahi kuzolewa. Sisi machinga tulifukuzwa mjini kati 2016, Desemba ile ile Rais Magufuli akaagiza tusibughudhiwe, tukarudi. 2018 vikaja vitambulisho vya shilingi elfu ishirini, ukikionyesha unaachwa. 2021 tukapangwa upya, wengine soko la Mchafukuoga, wengine wakakata tamaa. Katika yote hayo mtu wa meza ndogo alijifunza jambo moja: panapopita miguu ndipo penye hela. Ukimweka mahali pazuri pasipopitwa, atarudi njiani ndani ya wiki. Siyo ukaidi, samaki analala.

Kwa hiyo dada usimwondoe kwenye miguu ya watu. Msogeze tu kwa namna ambayo miguu inampita na yeye anaonekana. Halafu ulizia kitu kimoja ambacho hapa hakuna aliyekigusa: analipa kwa nani? Hakuna meza inayokaa bure sehemu kama hiyo.

Ndugu wa Fimbo:

Naomba niongeze mtu mmoja kwenye hesabu zenu. Kaka yangu haoni, anatembea na fimbo nyeupe, na anafika mjini peke yake. Nguzo ya umeme haimsumbui, anaijua. Mti anaujua. Hata mfuniko uliovunjika akishaujua anauruka. Kinachomwumiza ni kitu ambacho jana hakikuwapo: pikipiki iliyoegeshwa kiupande, benchi, bango la chuma. Fimbo inapita chini, kifua kinafika kwanza.

Sasa fikirieni karai la mafuta yanayochemka.

Kuna Mjapani, Seiichi Miyake, ndiye aliyebuni yale matofali yenye vinundu ambayo asiyeona anayahisi kwa nyayo na fimbo. Yaliwekwa mara ya kwanza mji wa Okayama mwaka 1967. Sisi hatudai hayo mtaani Nyakato. Tunadai tu kwamba ukanda wa kupita ubaki pale pale kila siku. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji kama sentimita 90 akiwa peke yake, na akipishana na mwenzake mita moja na nusu ni ya kubana. Ukishatoa hiyo kwenye mita zako mbili, kinachobaki hakitoshi meza na jiko. Msijidanganye kwamba "atabanabana".

Tii Sheria:

Si ndiyo nilichosema? Atoke.

Ndugu wa Fimbo:

Atoke njiani, sawa. Wewe umetaka azolewe. Hayo ni mambo mawili, mkuu.

Mayu wa Igoma:

Mwadila wanangu. Mwanangu wa steshenari, mimi ni mtu mzima, nimeuza vitumbua miaka mingi kabla magoti hayajagoma.

Usimwendee saa kumi jioni mafuta yakiwa yanachemka na wateja wamesimama. Hapo atajibu kwa ajili ya wateja. Wala usiende na mwenyekiti wala mtendaji. Nenda asubuhi anapoparua samaki, mkute kwake au sokoni, salimia, ulizia watoto, kaa. Kisha mwambie habari ya begi lililogongwa, uanze na hiyo. Mama yeyote atasikia. Ya moshi na karatasi iweke mwisho kabisa, maana hiyo ni biashara yako na ataona umekuja kwa hiyo.

Tena vijana wanaosema njia ni ya kupita tu, mnaishi wapi? Mtu amepanga chumba kimoja na watoto wanne, jioni akae wapi? Anakaa hapo nje. Hapo ndipo ninaposikia nani kafiwa, nani kapata mchumba, mchango wa msiba unapita hapo hapo kwenye benchi. Binti akitoka chuo usiku anapita penye taa ya muuza samaki, hapiti penye giza. Mkiisafisha njia mpaka ikabaki tupu, baada ya saa mbili usiku mtaipita nyinyi wanaume peke yenu.

Fundi Rula:

Mayu shikamoo. Hilo la taa nimelipokea. Dada, je pembeni ya jengo lenu kuna uchochoro au nafasi yoyote iliyo ndani ya kiwanja?

Binti Nyakato:

Asanteni sana jamani, na Mayu, shikamoo.

Nimeenda asubuhi kama nilivyoelekezwa. Nimemkuta anaparua, nikakaa kwenye ndoo. Nilipomwambia ya mtoto alinyamaza, akasema na yeye aliiona, na tangu siku ile anawafokea bodaboda lakini hawamsikii. Kumbe hata yeye hawataki pale wote, wengine wanakaa kutwa kwa kipande kimoja cha mkia.

Sasa Kijana wa Makoroboi, nimeuliza ulichosema. Analipa shilingi elfu moja kila siku. Anamlipa mwenye nyumba WANGU. Yule yule aliyeniambia ni pangu nimwondoe nikitaka!

Fundi, nafasi ipo. Kati ya jengo letu na la jirani kuna uchochoro mpana kiasi, ndani ya kiwanja chetu, mwenye nyumba amerundika mawe na mchanga tangu alipomaliza kujenga.

Sato Kavu:

Mwenye nyumba ana akili ya kuzaliwa. Kodi ya fremu anachukua, kodi ya barabara ya serikali anachukua, bado apangishe na kivuli.

Tii Sheria:

Huyo ndiye wa kushtakiwa sasa.

Fundi Rula:

Kushtaki kunaweza kusubiri. Dada bado ana mkataba naye, na mkataba ukiisha atatafutiwa sababu.

Nenda kwake na sura ya biashara. Mwambie hivi: pale njiani unapokea elfu moja kwa mahali pasipo pako, siku TARURA au jiji wakija, meza inazolewa na wewe ndiye utakayetajwa. Uchochoro ni wako kwa hati. Toa mawe, mama ahamie humo, elfu moja yako inaendelea kuingia na hakuna atakayekuuliza. Nadhani atasikia, kwa sababu hapotezi kitu isipokuwa rundo la mawe. Makubaliano yaandikwe karatasi moja, wewe si una mashine? Mama awe na nakala yake mwenyewe, hilo usilisahau, maana leo uchochoro ni elfu moja, samaki wakianza kutoka sana utasikia ni elfu tatu.

Bodaboda msiwaendee mmoja mmoja. Kila kijiwe kina kiongozi, zungumza na huyo. Benchi likihama wengi watahama nalo.

Kijana wa Zamani Makoroboi:

Naongezea kwa Fundi. Asimfukie mama ndani ya uchochoro. Kabati la kioo likae mdomoni mwa uchochoro, usawa wa ukuta, lielekee barabarani na taa yake juu. Jiko, karai na ndoo ndivyo viingie ndani. Anayepita anaona samaki, haoni moto. Benchi nalo ndani. Hapo hapotezi mteja hata mmoja, na binti wa Mayu anapata taa yake.

Mzee wa Kamanga:

Mnapanga jiko bila kuuliza upepo. Mchana na alasiri upepo unatoka ziwani unaingia nchi kavu, usiku ndipo unapogeuka. Huyu mama anawasha saa tisa. Kama uchochoro uko upande wa ziwa kutoka kwenye duka lako binti, moshi wote utaendelea kuja kwako na utakuwa umejisumbua bure. Uko upande gani?

Binti Nyakato:

Mzee wangu, shikamoo. Uko upande wa pili, kuelekea Igoma.

Mzee wa Kamanga:

Marahaba. Basi alasiri moshi unaondoka kwako. Saa za usiku utakupata kidogo, lakini wakati huo umeshafunga.

Binti Nyakato:

Mrejesho mfupi. Mwenye nyumba nimemkuta leo. Kwanza alikana, kisha akacheka, kisha akasema uchochoro itakuwa elfu mbili "kwa sababu pana kivuli". Mama yuko tayari kwa elfu moja na mia tano kama mawe yatatolewa na mwenye nyumba mwenyewe. Tumeachia hapo, kesho kutwa anakuja kuangalia.

Fundi Rula:

Kabla hajafika pima njia kwa futi, piga picha saa ile watoto wanatoka shule, muonyeshe kwenye simu. Halafu mruhusu aseme mwenyewe ile elfu moja na mia tano. Akigoma kabisa, hapo sasa mwende TARURA, wewe na mama pamoja, asitangulie mtu peke yake. Na wanafunzi waambie kwa sasa, wakilazimika kushuka barabarani wapite upande wa kulia ambako wanaliona gari linalokuja.

Sato Kavu:

Mimi nitakuja kubeba mawe. Malipo tutaelewana na mama.