Pesa ya ukaguzi wa nyumba: tutenge ngapi?

Kutoka: Mama Zawadi, Brooklyn Park

Habari zenu wanajumuiya, na wakubwa shikamooni.

Mimi na mume wangu tumepata barua ya benki ya kukubaliwa mkopo wa FHA (ule unaodhaminiwa na serikali ya Marekani), na Jumamosi tunaanza kuzunguka kutazama nyumba. Uwezo wetu hauzidi dola 300,000. Malipo ya awali ya asilimia 3.5, yaani dola 10,500, tunayo. Gharama za kukamilisha ununuzi tutamwomba muuzaji achangie.

Kinachonitatiza ni ukaguzi. Dalali wetu anasema "kama mia nne hivi". Binamu yangu wa Texas anasema yeye zilimtoka zaidi ya elfu moja. Mwenzangu kazini ananiambia nisithubutu kutaja ukaguzi, muuzaji atampa nyumba mwingine. Nimsikilize nani? Nyumba nyingi tunazoonyeshwa ni za miaka ya 1950 na 1960. Halafu benki si inatuma mtu wake kuitazama nyumba, tena kwa pesa yetu? Mbona tulipe mara mbili?

Kutoka: Baba Kendi, Saint Paul

Marahaba Mama Zawadi, na hongereni.

Nianze na hilo la mwisho, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Mtu wa benki ni mtathmini. Anaiangalia nyumba ili benki ijue kama inalingana na pesa inayotaka kukopesha. Kwa kuwa mkopo ni wa FHA atatazama pia mambo ya usalama, kama rangi inayobambuka kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 (huenda ina madini ya risasi, sumu kwa watoto), lakini hataingiza kamera kwenye bomba la maji taka wala kufungua boksi la umeme. HUD, wizara inayosimamia FHA, ina karatasi yake inayomhimiza mnunuzi atafute mkaguzi wake mwenyewe. Mtaikuta kwenye lundo la makaratasi ya mkopo. Msiipite bila kuisoma.

Kuhusu pesa, dalali na binamu wote wamesema kweli, ila kila mmoja kataja kipande chake. Ukaguzi wa jumla huku Twin Cities, yaani Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake jimboni Minnesota, kwa nyumba ya kawaida ni kati ya dola 400 na 600, kulingana na ukubwa na umri wa nyumba. Hapo mkaguzi anatazama paa, dari, kuta, msingi, umeme, mabomba yanayoonekana, mtambo wa joto, tangi la maji moto. Vitu vilivyofichika vina ada yake kando.

Cha kwanza ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini na kuingilia beseimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba. Moshi wa sigara ukiondolewa, radoni ndiyo inayoongoza kusababisha saratani ya mapafu Marekani. Idara ya Afya ya Minnesota inasema takriban nyumba 2 katika kila 5 jimboni zina kiwango cha kuhofia. Kipimo kinakaa ndani saa 48 kwa uchache, madirisha yamefungwa, na gharama yake ni kama dola 150 hadi 250. Ikifika 4 kwa kipimo wanachotumia, EPA, shirika la serikali la mazingira, inashauri irekebishwe. Bomba na feni ya kuitoa nje ni kama dola 1,500 hadi 2,500, na muuzaji anaweza kubebeshwa. Tangu Januari 2014 sheria ya jimbo inamlazimu muuzaji akuambie kwa maandishi anachojua kuhusu radoni ya nyumba yake. Lakini kama hajawahi kupima, atajaza kwamba hajui, na sheria itakuwa imetimizwa.

Cha pili ni bomba la maji taka kutoka nyumbani hadi barabarani. Hili usilikwepe hata kidogo. Nyumba za umri huo nyingi zina mabomba ya udongo, na miti mikubwa ya mitaa yetu hupenyeza mizizi kwenye maungio. Kamera ni dola 150 hadi 300. Kuchimba na kubadilisha bomba ni maelfu, pengine zaidi ya 10,000, na kipande hicho kwa kawaida ni mali ya mwenye nyumba, si ya jiji. Kila mtu hushika macho kwenye jiko jipya, na shimo la pesa liko chini ya nyasi.

Kwa hiyo nyumba moja ni dola 700 hadi 1,150. Lakini msiishie hapo, tengeni za nyumba mbili. Pesa hii inalipwa taslimu siku ya ukaguzi, na hairudi. Mkiandika ndani ya siku za ukaguzi zilizowekwa kwenye mkataba kwamba nyumba hamwitaki, arabuni yenu mnarudishiwa, ninyi na muuzaji mkisaini karatasi ya kuvunja mkataba. Ada ya mkaguzi imekwenda. Nimeona watu waliobaki na za nyumba moja tu: ripoti inakuja mbaya, nao wanajilazimisha kuinunua kwa sababu hawana za kukagua nyingine. Zile dola 700 ndizo zilizowaamulia jambo la dola 300,000.

Kutoka: Otieno, Brooklyn Center

Baba Kendi umeongea, lakini mimi sikubali hiyo elfu. Shemeji yangu ni fundi, amejenga nyumba tangu Kisumu. Alikuja na tochi, tukapanda dari, tukashuka beseimenti, tukamnunulia nyama choma. Kwisha. Na soko likiwa moto, ukiweka sharti la ukaguzi unapigwa na mwenye pesa taslimu. Hiyo ndiyo hali.

Kutoka: Bi Rehema, Minneapolis

Otieno mdogo wangu, shemeji yako namheshimu, ila hana mashine ya radoni wala kamera ya bomba. Na ukienda kumwomba muuzaji apunguze bei, utamwonyesha nini? Ripoti yenye picha ndiyo inayozungumza mezani. Shemeji aje siku ya ukaguzi, amfuate mkaguzi nyuma na amwulize maswali. Hapo atafaa sana.

Hilo la ushindani ni kweli, lakini kati ya kuweka sharti kamili na kuacha ukaguzi kabisa kuna njia. Unaweza kufupisha siku za ukaguzi. Unaweza kuandika kwamba utakagua na una haki ya kuondoka, ila hutaomba marekebisho madogo madogo. Wengine hupeleka mkaguzi kabla ya kutoa ofa. Hapo ndipo mfuko wa nyumba mbili unapotumika haraka.

Mama Zawadi, kama mtatazama nyumba ndani ya Minneapolis au Saint Paul, muuzaji analazimika kuwa na ripoti ya hali ya nyumba inayoitwa Truth in Sale of Housing. Yeye ndiye aliyeilipia. Isomeni kabla hamjatoa hata senti, inaweza kuwaepusha na nyumba mapema. Msiichukue kama mbadala wa mkaguzi wenu, ni ya kutazama kwa macho tu.

Na mkaguzi mchagueni kwa makini. Minnesota haitoi leseni kwa wakaguzi wa nyumba, kwa hiyo yeyote anaweza kuchapisha kadi akajiita mkaguzi. Ulizeni kama ni mwanachama wa ASHI au InterNACHI, vyama vya wakaguzi wa nyumba, kama ana bima ya makosa ya kazi, kama anapanda juu ya paa, na awape ripoti moja ya zamani muione. Anayewapa kurasa tatu za kuweka tiki, achaneni naye. Si lazima mumchukue aliyeletwa na dalali.

Kama mna mtoto mdogo, sheria ya nchi inampa mnunuzi wa nyumba ya kabla ya 1978 hadi siku 10 za kupima rangi yenye madini ya risasi, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mimi ni nesi, nimeona vipimo vya damu vya watoto. Msisaini kuiacha haki hiyo kwa haraka tu.

Jambo la mwisho, hili la kwetu. Kama pesa ya ukaguzi itatoka kwenye chama, au kaka atatuma kutoka nyumbani, iingie benki mapema na muwe na karatasi yake. Benki inapekua taarifa za akaunti za miezi ya karibuni, na kiasi kikubwa kisicho na maelezo kinazua maswali. Wala msifungue kadi mpya ya mkopo ili kulipia ukaguzi. Deni jipya kabla ya kukamilisha linaweza kuwaharibia.

Kutoka: Mama Zawadi, Brooklyn Park

Asanteni sana. Tumekaa jana usiku tukaamua tutenge dola 2,000 kwenye akaunti ya peke yake, na TV mpya isubiri. Mtoto yupo, ana miaka miwili, kwa hiyo la rangi nimelishika. Maswali mawili: ripoti ikileta kasoro, tuombe muuzaji atengeneze au atupe pesa? Na tukinunua Februari, paa lina theluji, mkaguzi ataona nini?

Kutoka: Baba Kendi, Saint Paul

Kasoro ya hatari, kama gesi au umeme, atengeneze kabla, na alete risiti ya fundi mwenye leseni. Mtathmini wa FHA naye anaweza kudai hivyo. Zilizobaki mimi ningeomba pesa kwenye gharama za kukamilisha, maana muuzaji anayehama anatafuta fundi wa bei rahisi kuliko wote. FHA inaruhusu muuzaji achangie hadi asilimia 6 ya bei. Mwambieni mtu wa mkopo mapema, na iandikwe kwenye mkataba.

Februari paa atalitazama kidogo, na kiyoyozi hatakiwasha kwa sababu baridi inaweza kukiharibu. Ulizeni umri wa vyote viwili na risiti za matengenezo. Faida ya majira hayo ni kwamba mtaona vipande vya barafu vilivyoganda kwenye kingo za paa. Vikiwa vinene, joto linavuja darini. Mwambieni mkaguzi apande dari na tochi.

Otieno, shemeji yako anapatikana Jumamosi?