Vitabu vya Kiswahili vya kusoma zamu ya usiku: nianze na vipi?

zamu_ya_usiku, Malindi

Assalamu alaikum wenzangu. Niko mapokezi katika hoteli moja hapa Malindi, zamu ya usiku. Ikipita saa sita wageni wamelala, simu hazilii, na video za kwenye simu zimenichosha. Nataka kurudi kwenye vitabu vya Kiswahili. Cha mwisho nilikisoma kidato cha nne, kwa ajili ya mtihani, na mwongozo pembeni. Mwezi huu ninazo shilingi 1,500. Napenda hadithi yenye watu ndani, isiwe mawaidha matupu. Nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 14 anayependa mambo ya upelelezi, na nyanya yangu hupenda kusomewa mashairi. Mnanishauri vipi?

bi_langoni, Lamu

Waalaikumu salaam mwanangu. Mimi nauza vitabu hapa Langoni. Mbele ya duka kuna madaftari, misahafu na vitabu vya shule, ndivyo vinavyolipa kodi. Nyuma nina rafu ya riwaya na diwani ninayoijaza kwa mapenzi yangu tu, na swali kama lako ndilo ninalolingojea kutwa.

Kwanza, mwongozo uache huko huko shuleni. Wengi wanaoingia dukani huniambia riwaya haziwapandi, kumbe hawajapata kusoma hata moja bila kusaka maudhui na tamathali kila ukurasa. Wewe soma kwa sababu unataka kujua Yasmin atafanya nini kesho.

Yasmin ni wa *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, na ndicho kitabu ningekutilia mkononi leo. Msichana wa Kihindi wa Unguja anaozwa Bwana Raza, mtu wa makamo ya babake. Anatoroka. Jamaa zake wanamkataa, na katika kuhangaika kwake anakutana na Denge, kijana anayewindwa na polisi wa mkoloni kwa ajili ya siasa. Ndani mna mapenzi, mna taarabu, mna makaratasi ya siri. Huenda umeiona filamu ya 2021. Kitabu kisome hata hivyo, maana maneno ya watu wa Unguja wanavyotaniana na kuteteana hayawezi kuenea kwenye saa mbili. Ukikimaliza, chukua *Kuli* ya mwandishi huyo huyo: Rashidi, mchukuzi wa bandarini, na mgomo wa Unguja wa 1948. *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed naipenda kuliko zote mbili, lakini usiisome peke yako saa tisa za usiku. Ngoja siku ya mapumziko.

Mdogo wako mpe Bwana Msa. Muhammad Said Abdulla alimtoa na *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Mpelelezi mwenye kiko, rafiki yake Najum nyuma yake, na maiti penye mzimu. Watoto wa umri huo wakishakionja hurudi kuuliza *Kisima cha Giningi*.

Nyanya msomee *Utendi wa Mwana Kupona*. Huenda anaujua kwa moyo, basi mwache akusahihishe. Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliutunga mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Anamwita aje karibu na wino na karatasi, ampe maneno ambayo huenda hatapata tena nafasi ya kuyasema. Usiusome kimya. Hizi tungo zetu zilitungwa ziingie masikioni.

mwl_mambrui

Bi, kwa heshima zote, huo utendi nimeusoma na wasichana wa darasa langu, wakachachamaa. Mke ampepee mume akilala, mke aombe ruhusa ya kutoka! Mimi ningempa dada huyu *Al-Inkishafi*. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonya moyo wake kwa kuuonyesha majumba ya Pate yaliyoanguka, madaka ya sahani yamekuwa viota vya ndege. Huo haumkasirishi mtu.

bi_langoni

Mwalimu, wasichana na wachachamae, wana haki yao. Ninachoomba ni wausome wote. Shuleni huishia kwenye beti za mume, na wengi hawafiki mwisho, pale mama anapomwomba Mungu ampoze, na amtunzie wanawe. Ukisikia pale, utajua ni nani aliyekuwa akisema tangu mwanzo: mjane anayeogopa kumwacha mtoto bila kinga. Mimi simwambii mtu aishi kwa utendi ule. Namwambia amsikilize yule mama.

*Al-Inkishafi* ni bahari, nakubali. Ila apate mtu wa kukaa naye, Kiamu chake, Kiswahili chetu cha Lamu, ni cha zamani.

fundi_matondoni

Msimsahau Ahmed Sheikh Nabhany wetu, alizaliwa hapa Matondoni. *Sambo ya Kiwandeo* inaeleza jahazi la Lamu tangu kuundwa. Babangu alikuwa akisomewa huku akitikisa kichwa, anasema naam, ndivyo.

zamu_ya_usiku

Ahsanteni sana. Bi, wageni wengine huniuliza kuhusu Gurnah wa Unguja aliyepata Nobel. Yuko kwa Kiswahili? Na mimi mwenyewe nikitaka shairi, nianze na nani?

bi_langoni

Yuko. *Paradise* yake imefasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, 2022. Yusuf, mtoto aliyetolewa na wazazi kwa tajiri kufidia deni. Weka juu ya meza ya mapokezi, wageni wakione.

Shairi, anza na Abdilatif Abdalla, *Sauti ya Dhiki*, 1973. Alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa kuandika waraka wa *Kenya: Twendapi?*, na mashairi akayaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Serikali ile ile ilikuwa madarakani kitabu kilipopewa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Nikilifikiria hilo husisimka hadi leo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, peke yake chumbani, na vina havikumpotea. Mna shairi la wawili wanaogombania mnazi: lisome na nyanya, wewe ushike upande mmoja, yeye wa pili. Ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ataling'amua upesi.

Pesa zako hazitoshi vyote, na usinunue vyote. *Vuta N'kuvute* ninayo moja iliyosomwa, jalada limechanika kidogo lakini kurasa zimetimia. Bwana Msa pia ninaye. Utendi nitakutolea nakala ya beti zote, huo sikuuzii. Niandikie kwa faragha unipe jina la stendi, nivivushe hadi Mokowe vipande basi la asubuhi.

zamu_ya_usiku

Nimekuandikia, Bi. Nyanya anauliza kama herufi zitakuwa kubwa.

bi_langoni

Nitaziandika kwa mkono wangu, kubwa. Msalimie.