Kompresheni ndogo kwenye trekta la zamani: kusaga valvu, kubadili ringi au ovahoo nzima?

Jembe_la_Chuma
Habari wakuu. Nina trekta la dizeli la zamani, silinda tatu. Asubuhi haliwaki mpaka livutwe, ingawa betri ni nzima na stata inazungusha vizuri. Linatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi. Likishapata moto moshi unapungua, ila nguvu ya kuvuta jembe haipo. Nimepima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) injini ikiwa ya moto, nozeli zote zimetolewa: silinda ya kwanza bar 27, ya pili 26, ya tatu 17. Fundi mmoja anasema nisage valvu, mwingine nibadili ringi za pistoni tu, wa tatu anataka ovahoo nzima, yaani injini yote ifunguliwe na kufanywa upya. Mngeanzia wapi?

Spana19
Mkuu, vipimo vyako vimeshasema mengi. Injini iliyochoka kwa umri kwa kawaida hushuka silinda zote kwa pamoja. Hapa mbili ziko vizuri na moja imeanguka, kwa hiyo kuna mahali pamoja hewa inapotokea. Ovahoo isahau kwanza. Pima nafasi ya valvu kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Valvu isipokuwa na nafasi haikai sawasawa kwenye siti yake, na hapo hata ringi mpya hazisaidii. Kipimo kipo kwenye kitabu cha injini yako, usikisie.

Ringi_Mpya
Mimi natetea ringi. Ukishafungua hedi (kifuniko cha juu ya silinda) na sampu (bakuli la oili la chini), pistoni unazisukuma zitoke kwa juu bila kushusha injini. Ni nafuu kuliko seti ya laina (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) na pistoni, na kazi inaisha haraka. Atie kijiko cha oili kwenye ile silinda apime tena. Geji ikipanda, ni ringi.

Fundi_Dizeli
Hicho kipimo cha oili nakipinga kwenye dizeli. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo sana, kwa hiyo oili yenyewe inaijaza na geji inapanda hata ringi zikiwa nzima. Ukizidisha ni hatari zaidi: oili haibanwi kama hewa, unaweza kupinda konrodi (mkono unaoshika pistoni).

Tumia hewa ya kompresa. Weka pistoni ya tatu juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefunga, kisha ingiza hewa kupitia tundu la nozeli na usikilize. Mlio kwenye egzosi ni valvu ya egzosi. Kwenye njia ya kichujio cha hewa ni valvu ya kuingizia. Kwenye mdomo wa kutilia oili ni ringi au laina. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi iliyopasuka. Kaa mbali na feni, hewa inaweza kuizungusha injini ghafla.

Spana19
@Ringi_Mpya, ringi peke yake inategemea laina. Ukitoa pistoni, ingiza ringi moja bila pistoni, ikae sawa, upime mwanya wake sehemu ya juu iliyolika, halafu chini kabisa ambako haijalika. Tofauti ya mianya igawanye kwa 3.14, utapata laina imepanuka kiasi gani. Na kama kuna ukingo juu ya laina, ringi mpya itaugonga na kuvunjika. Laina iliyolika hivyo haiokolewi na ringi mpya, hapo seti nzima ndiyo nafuu ya kweli.

Jembe_la_Chuma
Nimerudi. Nafasi za valvu ziko sawa. Nimepiga hewa: inavuma kwenye egzosi waziwazi. Kwenye mdomo wa oili ni kidogo sana, sawa na silinda nyingine.

Fundi_Dizeli
Basi ni valvu ya egzosi. Fungua hedi, ringi ziache. Ukiona valvu imeungua ukingoni, ibadili, usiisage. Angalia na gaidi yake (bomba dogo linaloongoza shina la valvu), maana ikilegea valvu mpya nayo itakaa upande na kuungua. Hedi ipimwe kwa rula iliyonyooka, na baada ya kusaga siti pima valvu imezama kiasi gani, kwa sababu ikizama mno kompresheni inashuka tena. Wakati hedi iko nje, pitisha ukucha juu ya laina uone kama kuna ukingo.

Jembe_la_Chuma
Za silinda nyingine nazo nizisage?

Spana19
Ndiyo, zote. Gasketi mpya unanunua hata hivyo. Kaza bolti kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), hatua kwa hatua, kwa mpangilio wa kitabu, weka nafasi za valvu upya, halafu pima silinda zote tatu na utuletee namba.